Jeshi lina majina, sisi tuna DNA, nani atatukutanisha?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, na kama ni ndefu mkate, lakini hapa pa kwanza msikate: mtoto aliyezaliwa na mwanajeshi wa Uingereza huku Nanyuki hafai kutegemea bahati ndio ajue baba yake ni nani. Kila mara watu wakiongea juu ya BATUK, kikosi cha mafunzo cha jeshi la Uingereza hapa Nanyuki, utasikia moto wa hifadhi ya Lolldaiga wa 2021, utasikia mabomu yaliyoachwa malishoni, utasikia marehemu Agnes Wanjiru, anayedaiwa kuuawa na mwanajeshi wao, aliyepatikana ndani ya tangi la maji taka la hoteli 2012 na familia yake bado inatafuta haki, na hayo yote ni mazito na tunasimama na hao watu kabisa. Lakini sisi watoto tunakuja mwisho wa habari, sentensi mbili na picha ya msichana mweupe mbele ya nyumba ya mabati, alafu habari imeisha.

Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa Majengo miaka ya tisini mwanzoni, nauza nguo sokoni, niko na watoto wangu sasa na mkubwa ameanza kuniuliza guka (babu) yake mwingine yuko wapi. Mama yangu alikuwa akifua nguo za wageni kwa hoteli moja na huko ndiko walijuana na baba. Hakudanganywa na hakuforsiwa, anasema hivyo mwenyewe na mimi namuamini, walipendana kwa zile wiki kikosi chake kilikuwa huku, akaenda, akarudi mwaka uliofuata, akaenda tena, barua zikaja kidogo alafu zikaisha. Mama alikuwa anajua jina lake la kwanza, jina la utani walilokuwa wanamwita wenzake, na beji ya kofia ambayo angeweza kukuchorea kwa mchanga. Jina la pili aliwahi kulisikia lakini vile alivyolisikia ndivyo alivyolishika, na mtu wa Nanyuki akisikia jina la kizungu mara mbili tatu kwa kelele ya baa ukienda kulitafuta kwa intaneti hupati kitu.

Watu wengi hawaelewi kwa nini ni ngumu. Wanauliza, si uende tu kambini uulize? Wacha nieleze. Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi Kenya tangu 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Wale wa kudumu pale kambini ni wachache, wengi wanakuja kwa wiki kadhaa, batalioni moja inaondoka nyingine inaingia, wanapelekwa Archers Post, wanapelekwa Dol Dol, wakipewa ofu wanaingia mjini. Mwaka ukiisha wamepita maelfu. Kijana wa miaka ishirini aliyekuwa hapa Februari, mama akigundua ana mimba Aprili yeye yuko nchi nyingine ama ametumwa vitani, na kikosi kilicho kambini sasa hakimjui. Alafu yale majina mama zetu walishika mara nyingi si majina. Jeshini mtu wa Wales anaitwa Taff, wa Scotland anaitwa Jock, wa Liverpool ni Scouse, wa Newcastle ni Geordie. Nimeona mama ameficha karatasi zaidi ya miaka ishirini imeandikwa Taff akijua hilo ndilo jina la baba ya mtoto wake. Na hio karatasi bado ina maana, juu inakuambia anatoka upande gani, ukiongeza mwaka na beji unakaribia kabisa kujua ni rejimenti gani. Lakini kutoka rejimenti hadi mtu kuna mlango mmoja tu, na huo mlango funguo yake iko na jeshi.

Hapo ndipo pananiuma. Jeshi haliwezi kupeleka kijana ng'ambo bila kuandika. Iko jina lake, namba yake, kikosi, tarehe ya kuingia nchi na tarehe ya kutoka. Mahali fulani Uingereza iko orodha ya wanaume waliokuwa Nanyuki mwezi ule mama yangu alishika mimba, na mimi nimezunguka na mate yangu kwa chupa nikitafuta mtu mmoja ndani ya nchi ya watu karibu milioni sabini.

Maana hio ndio njia imebaki, ya mate. Unatema kwa kichupa ama unasugua shavu kwa ndani na kijiti, unatuma kampuni za kupima DNA kama Ancestry, na matokeo yanalinganishwa na mamilioni ya watu wengine waliopima, wengi wao Wazungu na Wamarekani ambao wanatafuta tu historia ya familia zao. Nusu ya DNA yako ni ya baba. Binamu wa kwanza mnagawana kama asilimia 12 na nusu, shangazi wa damu kama 25. Na kwetu sisi pointi faivu, yaani machotara, kuna kitu kimoja kinarahisisha, ambacho hata mtaalamu anayewatafutia Wazungu wenzake hana: mama yangu ni Mkikuyu na ukoo wake wote unajulikana, kwa hivyo ndugu yeyote atakayetokea Uingereza moja kwa moja ni wa upande wa baba. Hakuna kuchanganya.

Kupima si bei rahisi, wakati wangu ilikuwa zaidi ya elfu kumi pesa zetu kabla hujalipa wa kukuletea, na hapa mtaani hio ni karo. Mimi niliwekewa na chama chetu cha akina mama, Mungu awabariki. Matokeo yakaja na jina la mwanamke mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, kiwango cha binamu wa kwanza. Nilimwandikia nikiwa naogopa sana, nikamwambia sitaki pesa, sitaki kuharibu ndoa ya mtu, nataka kujua tu. Akajibu. Hangelazimika lakini alijibu. Baba yake alikuwa na ndugu wawili wa kiume, mmoja peke yake ndiye aliyeenda jeshi, na picha zake za Kenya zilikuwa kwa albamu ya familia, moja amesimama hapo kwa kibao cha ikweta ambacho kila mtu wa Nanyuki anakijua. Dada yao, shangazi yangu, mama mzee, akasema yeye pia apimwe ili kusiwe na maneno. Ikatoka robo, vile inafaa.

Baba alikuwa ameshafariki miaka michache nyuma. Hakuwahi kuwaambia kwao kuhusu mimi na sijui kama alijua nilizaliwa, mama alituma barua ya mwisho kwa anwani ya kikosi na hatukuwahi kujua kama ilifika. Ako na watoto wengine kule, bado hawajataka kuongea na mimi na nimewaachia nafasi yao. Shangazi tunaongea kwa simu ya video karibu kila Jumapili, watoto wangu wanamwita Nana vile amewafundisha. Nimejua pia kwa upande huo wanaume wengi wanakufa mapema na ugonjwa wa moyo, nikaenda nikapimwa, presha yangu iko juu na sasa nameza dawa. Daktari akikuuliza historia ya familia upande wa baba na wewe huna la kusema, hio nayo ni hatari ambayo hakuna mtu anaihesabu.

Sasa jirani yangu. Tumekua pamoja, tuliitwa mzungu maskini pamoja pale shuleni, mama yake na mama yangu walikuwa wakifua kwa hoteli ileile. Yeye alipima kampuni ileile, akapakia matokeo yake pia kwa GEDmatch, tovuti inayolinganisha watu waliopima kampuni tofauti, ili apanue, na amepata watu wa mbali tu, binamu wa nne, wa tano, wengine wako Australia na hawajui hata babu wa babu yao. Hakuna anayeweza kutengeneza ukoo kutoka hapo bila mtu wa kazi hio. Tofauti yangu na yake ni nini? Binamu yangu alinunua kipimo kama zawadi ya Krismasi na binamu yake hakununua. Basi. Haki ya mtu kujua mzazi wake imewekwa kwa zawadi ya Krismasi ya mtu asiyemjua.

Kuna watu wametusaidia sana na lazima niseme. Wakili James Netto wa London akishirikiana na Kelvin Kubai wa huku wamekusanya watoto, wengine wameshakuwa watu wazima kama mimi, na Profesa Denise Syndercombe Court wa King's College London akafanya upande wa DNA, kesi zikaenda mahakama ya familia kule London na kuna waliotambuliwa baba zao kisheria. Mtu akishatambuliwa hivyo mambo yanafunguka, juu sheria ya Uingereza inasema mtoto aliyezaliwa kuanzia 1 Julai 2006 na baba raia ambaye hakuoa mama anaweza kuhesabiwa raia vile angehesabiwa wa ndoa, na tuliozaliwa kabla ya hapo tulifunguliwa njia ya kuomba kusajiliwa 2015. Mdogo bado anaweza kutafutiwa matunzo. Mimi sikuanza hii safari kwa sababu ya pasipoti lakini anayeitaka asionewe haya, ni haki yake aliyozaliwa nayo, ingekuwa baba yake alimuoa mama yake mbona hakuna mtu angemuuliza kitu.

Lakini mawakili wawili na profesa mmoja hawawezi kubeba miaka sitini ya jeshi. Na hao pia wanaanza na mate.

Nataka Waingereza wakumbuke historia yao wenyewe hapa. Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni moja walipitia Uingereza wakijiandaa kuvuka kwenda Ufaransa 1944, wakaacha watoto, na wengine baba zao walikuwa wanajeshi weusi ambao makamanda walikuwa wanawanyima ruhusa ya kuoa wasichana wazungu hata wakitaka. Hao watoto walikua, wakaandikia Marekani, wakaambiwa habari za mwanajeshi ni siri yake. Hawakukubali. Mama mmoja anaitwa Shirley McGlade akaunda kikundi cha War Babes, wakaenda mahakama ya Washington, na 1990 serikali ya Marekani ikakubaliana nao: itawaambia mji na jimbo ambalo baba anaishi kulingana na rekodi zake, na itampelekea barua ya mtoto kwa posta ya rejista ili ajulikane ameipata. Hao walikuwa watoto wa Uingereza wakiomba jeshi la kigeni lililokuja kwao, likazaa, likaondoka. Nasi tunaomba jeshi lao kitu hichohicho.

Na wasichelewe. Marekani 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis liliungua na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakaisha, kuna watoto wa wanajeshi ambao njia yao ilifungwa siku hio. Baba zetu nao wanazeeka, wangu sikumkuta.

Najua jibu ambalo litakuja, ni siri ya mtu, sheria ya data, mzee ana familia yake sasa, ataamka apate mtoto wa Kenya kwa mlango. Naelewa, kwa kweli, na ndio maana nimependa ule mpango wa barua. Mimi sihitaji kupewa namba ya nyumba. Ofisi iangalie orodha, imtafute, imwandikie, kuna mtu Nanyuki anasema ni mtoto wako na yuko tayari kupimwa, wewe uko tayari? Akisema ndio vizuri. Akikataa na mtoto bado ni mdogo na anahitaji matunzo basi hapo mahakama iingie, maana kulea si hiari. Lakini leo hakuna hata wa kuuliza hilo swali. Kuna ofisi moja niliwahi kwenda na cheti changu cha kuzaliwa na picha ya mama, nikaambiwa niandike barua, niliandika, nikaambiwa barua inapelekwa kwingine, na hio kwingine haina jina wala simu.

Na kuna wenzetu ambao stori yao si kama ya mama yangu, hao nisiwasahau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mamia ya akina mama wa Samburu na Laikipia walijitokeza wakasema walibakwa na wanajeshi, polisi wa jeshi la Uingereza wakachunguza na 2006 wakafunga bila kushtaki hata mtu mmoja. Watoto waliotokana na hayo wako, wanachunga mbuzi huko Dol Dol na Archers Post na wengine wana familia. Kwa huyo mtoto kutafuta baba si kutafuta wa kumkumbatia, ni kutafuta mshukiwa, na DNA aliyo nayo mwilini ndio ushahidi ambao hauwezi kupotea kwa kabati la polisi. Wengine hawataki kujua kabisa na hio pia ni haki yao, hasa mama, asilazimishwe na mtu yeyote, hata mtoto wake mwenyewe. Ndio maana nasema hio ofisi ikiwekwa isiwe ya wanajeshi peke yao, iwe na mwanamke wa ustawi wa jamii anayejua Kisamburu na Kimaa, ambaye mama anaweza kufunga mlango akaongea naye.

Kwa upande wa Kenya sheria tunayo tayari. Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana ama hawajaoana. Zamani mama asiye na ndoa hangeweza kuandikisha jina la baba kwa cheti bila baba kukubali, cheti changu mimi pale kwa baba kuna zile X zimepangwa, mpaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema hicho kifungu cha sheria ya kuandikisha vizazi kinavunja katiba. Vizuri sana. Lakini utaandika jina gani kama hulijui?

Kwa hivyo ombi langu ni moja. Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza uliotiwa sahihi 2021 ni wa miaka mitano. Kila ukifanywa upya tunasikia mambo ya mafunzo, ardhi, pesa, ajira za watu wa Laikipia, nani atashtakiwa wapi. Uwekwe kipengele cha watoto. Kiseme mtoto yeyote mwenye mwaka, mahali na DNA inayoonyesha damu ya Uingereza ana haki orodha ya waliokuwa huku wakati huo iangaliwe kwa ajili yake, gharama za kupima zilipwe na jeshi na si chama cha akina mama wa Majengo, na jibu litolewe kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana. Hakuna siri ya kijeshi hapo, hatuulizi mizinga iko wapi.

Na tukiomba hivyo tukubali na sisi. Wanajeshi wetu wa KDF wamekaa Somalia miaka mingi, walikuwa Goma kutoka mwisho wa 2022 hadi mwisho wa 2023, na kama kuna mama huko amebaki na mtoto wa askari wa Kenya huyo mtoto ni ndugu wa wangu na haki yake ni hii hii. Umoja wa Mataifa una mtetezi wa haki za waathiriwa wa unyanyasaji wa kingono unaofanywa na watu wake tangu 2017 lakini matunzo ya mtoto bado yanaangukia sheria za nchi ya askari, yaani kwa wale wetu ni sheria zetu.

Wakati tunangoja, mama zetu, nawaomba kwa heshima kabisa, andikeni. Hata kama huyo mtu alikuumiza na hutaki kusikia jina lake, andika uweke mahali mtoto atapata siku moja akitaka. Mwaka, mwezi, mvua ilikuwa inanyesha ama ilikuwa kiangazi, beji ilikuwa na nini, tarumbeta, ngao, mnyama, walikuwa wanamwita nani, alitaja mji gani, alikuwa mshabiki wa timu gani ya mpira, alikuwa na tatuu wapi, rafiki yake alikuwa nani na huyo rafiki alikuwa anatembea na nani hapa mtaani. Msichome barua na picha. Na mama akiwa hai naye apimwe, ikisaidia kutenganisha upande wake na wa baba ni faida, na akishaenda hio nafasi imeenda naye.

Waheshimiwa wa Kamati ya Ulinzi ya Bunge, mlikuja hapa Nanyuki 2024 mkakaa mkasikiliza watu, wengine walilia mbele yenu. Tuambieni kupitia gazeti hili kama hicho kipengele cha watoto mtakidai kabla mkataba mwingine haujapitishwa bungeni ama hamtakidai.

Msomaji wenu,
Majengo, Nanyuki, Kaunti ya Laikipia
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)